Kabla ya Kufika Hospitali: Huduma ya Kwanza Nyumbani na Shambani

MAZUNGUMZO YA TISA

Kama una sufuria ya uji motoni, hebu kwanza iipue, uiweke mahali mtoto hafiki, kisha usogee karibu na redio.

Katika mazungumzo yaliyopita tulizungumza juu ya magonjwa yanayoletwa na viini. Leo ni zamu ya ajali. Ajali haina dalili za mapema. Haikupi siku mbili za kufikiri kama utaenda kliniki au utangoja. Mtoto alikuwa akicheza sasa hivi, na sasa hivi analia. Wewe ndiye uliye karibu. Daktari yuko mbali, na pengine gari hakuna.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Nina kovu katika mkono wangu wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Nilikuwa na miaka minne. Nyanya alikuwa ameipua sufuria ya uji na kuiweka sakafuni kando ya meko. Mimi nilikuwa nikimfukuza kuku. Yaliyofuata unayajua bila kuambiwa.

Nyanya alinipenda sana, na alifanya yote aliyofunzwa na mama yake. Alinipaka yai bichi, akaninyunyizia unga wa mahindi juu yake, akanifunga kitambaa. Mtungi wa maji ulikuwa hatua tatu tu kutoka hapo nilipokuwa nikilia. Hakuna aliyeugusa, kwa sababu watu wa kwetu waliamini kwamba maji ndiyo yanayoleta malengelenge. Siku ya tatu mkono ulianza kunuka. Kwenye zahanati, muuguzi alikaa muda mrefu akibandua ule unga uliokauka, na ngozi ikawa inatoka nao. Nakumbuka kilio changu. Lakini zaidi nakumbuka kilio cha nyanya.

Sikuelezi haya ili nimlaumu. Upendo haukumpungukia. Alichokosa ni kujua jambo moja tu: maji. Na hivyo ndivyo ilivyo katika ajali nyingi za nyumbani. Madhara ya kwanza huletwa na moto, sumu au nyoka. Madhara ya pili mara nyingi tunayaleta sisi wenyewe, kwa haraka yetu ya kusaidia. Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili kwa kila ajali: la kufanya, na la kutofanya. Hilo la pili ni muhimu sawa na lile la kwanza.

HATUA NNE KWA KILA AJALI

Kwanza, tazama kabla hujakimbilia. Je, pana hatari itakayokupata na wewe? Mtoto aliyenaswa na stima usimshike kwa mikono mitupu. Zima swichi kubwa kwanza. Ikiwa huwezi, simama juu ya kitu kikavu, umsukume mbali na waya kwa ufagio wa mti mkavu. Mama akinaswa pia, ni nani atakayemwokoa mtoto?

Pili, mtoe mtoto penye hatari.

Tatu, mtazame. Anapumua? Anakujibu ukimwita? Damu inamtoka kwa wingi?

Nne, ita watu. Piga kelele. Jirani mmoja atafute usafiri wakati wewe unaendelea na mtoto. Nambari za dharura hapa Kenya ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari yake ya 1199. Ziandike leo ukutani kwa makaa au kalamu, pamoja na nambari ya mwenye boda boda unayemwamini na ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Siku ya ajali si siku ya kutafuta nambari.

KUUNGUA

Mtoto akimwagikiwa na chai, uji au maji ya moto, au akigusa jiko, dawa ya kwanza ni maji baridi ya kawaida. Si maji ya barafu, ni maji ya mfereji au ya mtungi. Yamimine juu ya pale palipoungua kwa dakika 20.

Dakika 20 ni ndefu mtoto akiwa analia, na utatamani kuacha. Tazama saa au simu yako, usikisie. Ngozi iliyoungua hubaki na joto ndani yake kama jiwe la meko, na joto hilo linaendelea kuchoma kwenda chini hata baada ya uji kufutwa. Maji ndiyo yanayolitoa. Kama huna mfereji, mimina polepole kwa kikombe. Kama maji ni ya shida kwenu, kinga yanayotiririka kwa beseni safi, uyamimine tena. Na kama ulichelewa, usikate tamaa. Hata saa mbili au tatu baada ya ajali, maji bado yanasaidia.

Wakati maji yanamwagika, mvue nguo iliyolowa kitu cha moto, bangili na shanga, kabla mwili haujavimba. Ikiwa nguo imegandamana na ngozi, usiivute. Kata kandokando, uiache hapo ilipo.

Ukimaliza, funika kidonda kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi. Leso iliyofuliwa na kupigwa pasi yafaa. Usikaze. Halafu mfunike mtoto mwili mzima kwa shuka kavu, kwa maana mtoto mdogo hupatwa na baridi upesi. Tunapoza pale palipoungua, lakini mtoto mwenyewe tunampa joto.

Sasa la kutofanya. Usipake dawa ya meno. Usipake yai, unga, majivu, samli, mafuta ya kupikia wala majani ya chai. Vitu hivi huzuia joto lisitoke, huingiza uchafu, na muuguzi atalazimika kuvibandua. Usipasue malengelenge. Lile lengelenge ni bandeji aliyopewa na mwili wake mwenyewe.

Mpeleke hospitali ikiwa pameungua mahali pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo kinachokunjika. Mpeleke pia kama ni stima au kemikali iliyomchoma, kama alivuta moshi, au kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haimuumi. Kidonda kisichouma baada ya moto si habari njema. Maana yake moto umefika chini sana. Na ikiwa ni mtoto wa chini ya mwaka mmoja, usipime ukubwa, mpeleke tu.

Kama nguo zake zinawaka, usimwache akimbie, maana upepo huchochea moto. Mlaze chini, umfunike kwa blanketi, umviringishe mpaka moto uzimike. Kisha maji.

Mama mwenzangu, ajali hii tunaweza kuizuia kwa mambo madogo. Mkono wa sufuria uelekee ndani, usitokeze ukingoni mwa jiko. Usinywe chai ukiwa umempakata mtoto. Kwa maji ya kuoga, tia ya baridi kwanza kwenye beseni, halafu ya moto, ili mtoto akitumbukia asikute maji yanayochemka peke yake. Na kama mnapika chini, weka kizuizi cha mawe au mbao ambacho mtoto anayetambaa hawezi kukivuka.

Neno moja zaidi juu ya jiko. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, baridi inapouma kule Limuru na Nyandarua, na hata Nairobi, watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Jiko lisilale ndani na watu. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa, umkimbize hospitali.

MAFUTA YA TAA NA SUMU NYINGINE

Hebu fikiri juu ya chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua. Aliiona siku ya sherehe, na aliyomo yalikuwa matamu. Leo anaiona chini ya meza, nusu imejaa, na ana kiu. Yeye hana kosa. Mwenye kosa ni mtu mzima aliyetia mafuta ya taa ndani yake.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, wengi wetu tumezoea kumtapisha, au kumpa maziwa "yakate sumu". Tafadhali, usifanye hivyo. Nitakueleza kwa nini.

Mafuta ya taa ni mepesi na yanateleza. Hatari yake kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Anapoyameza, machache huenda yakaingia kwenye njia ya hewa. Ukimtapisha, yanapanda tena hadi kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Maziwa nayo hayakati sumu hiyo. Yanajaza tumbo tu, na tumbo lililojaa hutapika. Kwa hiyo usimtie kidole kooni. Usimpe maji ya chumvi, mafuta ya kupikia wala maziwa.

La kufanya ni hili. Mvue nguo zilizolowa mafuta, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Mkalishe wima. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza na kucheka. Kikohozi na shida ya kupumua vinaweza kuja baada ya saa kadhaa, na kwa sababu hiyo wahudumu wa afya humwangalia kwa saa 6 au zaidi. Usikasirike ukiambiwa ukae. Ukiona anakohoa, anapumua haraka, anasinzia au midomo yake inageuka rangi, jua hapo hakuna muda wa kupoteza. Chukua ile chupa uende nayo, ikiwa imefungwa vizuri, ili daktari ajue hasa alichokunywa.

Sheria ya kutomtapisha ni hiyo hiyo kwa dawa ya kufua inayoondoa madoa, asidi ya betri ya gari na dawa ya kuzibua mabomba. Vitu hivi huchoma koo vikishuka, na vikipanda huchoma mara ya pili. Mpanguse mdomo na umsukutue kwa maji, kisha safari.

Dawa za kunyunyizia mimea na za kuogeshea ng'ombe ni hatari kwa namna nyingine. Huingia hata kupitia ngozi. Mtoto hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho huwa ndogo, na kifua hubana. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zote, umwoshe kwa maji mengi na sabuni, kisha kimbia hospitali na kopo la dawa. Ikiwa sumu imemwingia machoni, mwoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kabla ya safari.

Akimeza vidonge vya mtu mzima, beba pakiti na vidonge vilivyobaki. Na kuna kitu kipya ambacho nyanya zetu hawakukijua: zile betri ndogo bapa, zinazong'aa kama sarafu, zilizo ndani ya saa, tochi ndogo na vikaragosi vinavyoimba. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuchoma nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Usingoje itoke na choo. Nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku.

Kuzuia? Mafuta ya taa yakae katika mtungi wake, usiofanana na kitu chochote cha kunywa. Dawa zote zikae juu, zimefungwa. Na usimwambie mtoto kidonge ni peremende ili akubali kumeza. Atakuamini, na siku moja atazitafuta hizo peremende mwenyewe.

MTOTO ALIYESAKAMWA KOONI

Njugu, mahindi ya githeri, kipande cha nyama, sarafu, kifuniko cha kalamu. Ikiwa mtoto anakohoa kwa nguvu na analia kwa sauti, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Mkae pamoja, umtie moyo. Lakini akinyamaza, akashindwa kulia, na uso ukaanza kugeuka rangi, hapo hewa imezibwa.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukimshika taya. Mpige katikati ya mabega mara 5 kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kama kitu hakijatoka, mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua mara 5 kwa nguvu. Rudia, 5 mgongoni na 5 kifuani.

Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja: mwinamishe mbele, mpige katikati ya mabega mara 5. Kama bado, piga magoti nyuma yake, mkumbatie, kunja ngumi uiweke juu kidogo ya kitovu, uishike kwa mkono wa pili, na uvute ndani na kwenda juu mara 5. Rudia, 5 na 5. Tumbo la mtoto mchanga usilibonyeze hivyo kamwe.

La kutofanya: usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Na kitu kikitoka baada ya kubonyezwa tumbo au kifua, mpeleke akaangaliwe.

MAJI, NA MTOTO ASIYEPUMUA

Tunapofikiri juu ya kuzama tunafikiri juu ya ziwa, mto au bahari. Lakini mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika ndoo ya kufulia. Kichwa chake ni kizito kuliko miguu. Akiinama kuchungulia anatumbukia, na hawezi kujiinua. Hapigi kelele. Kwa hiyo mwaga maji ukimaliza kufua, funika mapipa na kisima, na zungushia ua shimo lolote lililochimbwa.

Ukimkuta amezama, usimning'inize miguu juu kichwa chini, wala usimkamue tumbo kutoa maji. Unapoteza dakika ambazo ubongo wake unahitaji hewa. Fanya hivi.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu chake taratibu ili njia ya hewa ifunguke. Mtoto mchanga usimrudishe kichwa nyuma sana. Tazama kifua na usikilize kwa sekunde 10. Kama hapumui, mpulizie pumzi 5 za polepole, kiasi cha kuinua kifua. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako. Kwa mkubwa, mbane pua, umpulizie mdomoni.

Kama bado hasogei wala hapumui, weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, bonyeza mara 30, haraka, karibu mara mbili kila sekunde. Kifua kishuke thuluthi moja ya unene wake. Halafu pumzi 2. Kisha 30 tena, na 2 tena. Endelea mpaka apumue au msaada ufike. Usiogope kwamba utamwumiza. Mtoto asiyepumua hana cha kupoteza kwa mikono yako, na anaweza kupata uhai wake wote.

Hatua hizi si rahisi kuzishika kwa kusikiliza mara moja. Mwombe muuguzi wa kliniki au mhudumu wa afya ya jamii awaonyeshe kikundini kwenu kwa mwanasesere.

NJE YA NYUMBA: NYOKA, MBWA NA VIDONDA

Kwa wale wanaotusikiliza kutoka Baringo, Kitui na Kilifi, nyoka si hadithi. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Nyinyi hamkuwa mmeisahau.

Mtu akiumwa, mwondoe karibu na nyoka. Usimfuate nyoka kumuua. Wengi huumwa wa pili kwa njia hiyo. Kumbuka tu rangi na umbo lake, kama inawezekana. Mlaze aliyeumwa, umwambie atulie, kwa maana akitembea na kukimbia sumu nayo inatembea. Mvue viatu, pete na bangili. Funga mguu au mkono ulioumwa kwenye ubao au mti ulionyooka, bila kukaza, kama unavyofunga mfupa uliovunjika. Kumbuka saa aliyoumwa. Mpelekeni akiwa amebebwa. Ikiwa ni kwa boda boda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika nyuma.

La kutofanya ni orodha ndefu. Usifunge kamba ya kukata damu. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, ana sumu inayoharibu nyama. Ukiifungia sumu hiyo mahali pamoja, mtu aweza kupoteza mguu. Usichanje kwa wembe. Usinyonye kwa mdomo. Usiweke jiwe jeusi, mafuta ya taa wala majani. Kinachotibu sumu ni kingasumu ya hospitali, na kila saa unayoipoteza kwa jiwe ni saa unayoipa sumu. Njiani, mtu akianza kutapika au kulegea, mlaze kwa ubavu. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi kama tulivyojifunza. Swila akimtemea mtu machoni, mwoshe macho kwa maji mengi, kisha hospitali.

Tembea na tochi usiku. Kuni zisirundikwe karibu na mlango. Lala juu ya kitanda kama kipo, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Chandarua huzuia mbu, na huzuia nyoka pia.

Mbwa akimuuma mtoto, hata kama ni mkwaruzo mdogo, na hata kama ni mbwa wa jirani mnayemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mpeleke siku hiyo hiyo akachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na amalize sindano zote kwa tarehe alizopewa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, mgonjwa huwa haponi. Lakini kabla ya dalili, sabuni na sindano humwokoa.

Kidonda cha panga au jembe kinachotoa damu, kigandamize kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu, usiondoe cha kwanza. Kama kuna kitu kimechomeka ndani, usikitoe. Gandamiza pembeni yake. Na pua ikitoka damu, mtoto ainame mbele, si kutazama juu, ukiibana sehemu laini ya pua kwa dakika 10.

KAZI YA LEO

Kabla ya kulala leo, nakuomba ufanye mambo matatu. Tafuta chupa ya mafuta ya taa na uone iko wapi na imo katika chombo gani. Andika zile nambari ukutani. Na mwambie mtu mmoja unayeishi naye, awe mume, mama mkwe au dada wa kazi, maneno haya: aliyeungua maji, aliyekunywa sumu asitapishwe, aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba. Ajali inaweza kutokea wewe ukiwa sokoni.

Nimalizie kwa kumrudia nyanya. Miaka mingi baadaye, binti yangu alivuta kitambaa cha meza, na kikombe cha chai kikamwagikia mguuni. Mimi, niliyesomea mambo haya, nilisimama nimeganda. Aliyesikika wa kwanza alikuwa nyanya, mzee wa watu, kutoka kwenye kiti chake pembeni: "Maji! Leteni maji!" Alikuwa ameyaweka moyoni tangu siku ile ya zahanati. Binti yangu hana kovu.

Kwa leo nakomea hapo. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo. Mlinde mtoto wako, na mtoto wa jirani pia. Kwaheri.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika kijiji chetu watu hupaka nini mahali palipoungua? Tutawaelezaje wazee wetu kwa heshima kwamba maji ni bora?
2. Mafuta ya taa na dawa za shamba huwekwa wapi nyumbani kwa kila mmoja wetu?
3. Mtoto akiumwa na nyoka usiku wa leo, ni nani mwenye usafiri, na ni hospitali gani ya karibu iliyo na kingasumu? Nani atakwenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?